Ng'ombe kachanjwa, mbona kafa?

Mjomba wangu anafuga ng'ombe wa maziwa, chotara, kwenye banda la mabanzi pembeni mwa migomba, huko chini ya Mlima Meru. Walikuwa wanne, sasa wamebaki watatu. Aliyekufa alikuwa mtamba mwenye mimba ya miezi mitano. Alikufa alfajiri, povu jeupe limemjaa puani, wiki chache tu baada ya kuchanjwa. Hereni ilikuwa bado mpya sikioni. Nilipofika msibani (ndiyo, kwa mfugaji wa ng'ombe wanne huo ni msiba) mjomba aliniambia neno ambalo nimelisikia kwa wengi tangu siku ile: "Chanjo yenyewe ndiyo imemuua."

Haikumuua. Sindano aliyochomwa ilikuwa ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Kilichomuua ni ndigana kali. Magonjwa haya mawili hayana hata undugu wa mbali: la kwanza linaletwa na bakteria anayesafiri kwa pumzi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, la pili linaletwa na kimelea kinachobebwa na kupe. Linalowachanganya watu ni kwamba yote mawili yanamalizia kazi kwenye mapafu. Ukimtazama mnyama kwa nje unaona anahema kwa taabu, anatoa povu, anaanguka. Ni haki mtu aulize: si mlisema mmemchanja mapafu?

Swali hili limeongezeka tangu mwaka 2025, kwa sababu ulikuwa mwaka wa sindano. Tanzania ilizindua mwezi Juni, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo: ng'ombe kwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo kwa sotoka, kuku kwa kideri na mengineyo. Kenya ilianza mapema zaidi, Januari, ikilenga ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka. Huko uvumi ulikimbia kuliko taarifa, ukiwamo ule wa kwamba sindano imeletwa ili ng'ombe waache kujamba. Katika yote hayo ndigana haikuguswa. Chanjo yake ipo, tena ilibuniwa hapa hapa Afrika Mashariki, ila namna ilivyotengenezwa haiendani na kampeni ya kuchanja mamilioni kwa mpigo.

Tuanze na jina, maana nusu ya mkanganyiko umejificha humo. Wamaasai wanauita ugonjwa huu oltikana. Kwa Kiswahili cha wafugaji wa Tanzania ndigana ziko mbili. Ndigana kali ndiyo ambayo vitabu vya mifugo vinaiita Homa ya Pwani ya Mashariki: mitoki inavimba, homa inapanda, mapafu yanajaa maji, na mnyama anaweza kufa ndani ya wiki mbili tangu homa ianze. Ndigana baridi ni ugonjwa mwingine kabisa, wa bakteria wanaoingia kwenye chembe nyekundu za damu. Mnyama anapungukiwa damu, ufizi unapauka au kuwa wa njano, choo kinakauka, na anadhoofika polepole. Kupe anaweza kuleta zote mbili, pamoja na mkojo damu na moyo maji. Ila bakteria wa ndigana baridi wanauawa na oksitetrasaiklini, ile sindano ya njano ambayo kila duka la dawa za mifugo linayo. Kimelea cha ndigana kali, mnyama akishaanza kuugua, hakishtuki nayo.

Jina moja basi limekuwa mtego. Mtamba wa mjomba alivimba mtoki chini ya sikio siku ya Jumapili. Nilipewa niushike: ulikuwa mgumu kama limau, unateleza chini ya ngozi, na sikio lenyewe lilikuwa la moto. Ndani ya sikio, kwenye mikunjo, kulikuwa na kupe wa kahawia wasiozidi sita. Mjomba alikwenda dukani akasema "ng'ombe ana ndigana," akauziwa oksitetrasaiklini. Alichoma siku tatu mfululizo. Bwana mifugo alipokuja Alhamisi na dawa yenyewe, buparvakoni, mnyama alikuwa ameshaanza kukoroma.

Hizo siku nne ndizo zilizomuua, na kuona kwa nini inabidi kuanza na kupe.

Kupe wa ndigana kali ni yule mdogo wa kahawia anayependa masikio. Maishani mwake anakula mara tatu tu, kila mara kwa mnyama mwingine: akiwa kiluwiluwi mwenye miguu sita, akiwa kijana, na akiwa mkubwa. Kila akishashiba anadondoka, anajificha kwenye nyasi, anajivua ngozi, kisha anasubiri mpita njia. Anaweza kusubiri zaidi ya mwaka bila kula. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa: kupe hazaliwi na ndigana kali. Mama hamrithishi mtoto. Anaipata akinyonya damu ya ng'ombe mwenye kimelea, na anaitoa kwenye mlo wake unaofuata, kwa ng'ombe mwingine. (Mkojo damu ni kinyume chake. Kupe wa bluu anawarithisha watoto wake kupitia mayai, na huyo hahami mnyama.)

Akishauma, hatoi ugonjwa papo hapo. Kimelea kiko kwenye tezi za mate kikiwa hakijakomaa, na joto la mlo ndilo linalokiamsha. Inachukua siku tatu hadi nne za kunyonya kabla mate hayajawa na sumu. Ndiyo maana kuogesha kwa dawa ya kupe kunafanya kazi: ukimuua kupe siku ya pili, umewahi. Ndiyo maana pia kuogesha mara moja kwa mwezi, kama alivyokuwa akifanya mjomba, ni kujifurahisha tu. Afrika Kusini waliutokomeza ugonjwa huu katikati ya karne iliyopita kwa kuogesha kila baada ya siku chache, kufunga njia za mifugo na kuchinja walioambukizwa, kazi iliyochukua miaka kama hamsini na serikali yenye mkono mzito. Wao ndio waliouita wa "pwani ya mashariki". Baada ya sotoka ya ng'ombe (si ile ya mbuzi na kondoo) kufagia mifugo ya kusini mwa Afrika mwaka 1896 na 1897, ikafuatwa na vita vya Makaburu, ng'ombe wengine waliagizwa kutoka pwani yetu na kushushwa bandari ya Beira mwaka 1901, na kupe wakasafiri nao. Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ameshauona ugonjwa huu Dar es Salaam mwaka 1897, aliitwa Rhodesia kuutafiti. Arnold Theiler, daktari wa mifugo kutoka Uswisi, ndiye aliyeutenganisha na mkojo damu, na kimelea kikapewa jina lake: Theileria parva.

Turudi kwenye sikio la mtamba. Kimelea kikishaingia kinakwenda kwenye chembe nyeupe za damu, zile za ulinzi, na huko kinafanya jambo ambalo limewashughulisha watafiti kwa miongo mingi. Fikiria mpangaji anayehamia kwenye nyumba, halafu badala ya kulipa kodi anamlazimisha mwenye nyumba ajenge nyumba ya pili inayofanana, na siku ya kugawa mali anahakikisha ana chumba huku na chumba kule. Seli inapogawanyika, kimelea kinajishikiza kwenye nyuzi zile zile zinazogawa urithi wa seli, kinagawanyika nazo. Seli mbili, nne, nane, kumi na sita. Ni mwenendo wa saratani kabisa, ila wenye tofauti moja: ukimuua mpangaji, nyumba zinaacha kujijenga. Buparvakoni inafanya hivyo. Lakini kama nyumba zimeshajaa mtaa mzima hadi kwenye mapafu, kumuua mpangaji hakuyakaushi maji yaliyokwisha kujaa humo.

Ukihesabu tangu kupe aume, homa na uvimbe hutokea kama siku ya nane hadi ya kumi na mbili, wakati mwingine baadaye. Kifo, kwa asiyetibiwa, ni kati ya siku ya kumi na nane na ya thelathini. Dirisha la dawa ni siku zile za mwanzo za homa, mtoki ukiwa umevimba na mnyama bado anakula. Mjomba aliliona dirisha hilo Jumapili. Akalitumia kwa dawa ya ndigana nyingine.

Sasa chanjo. Na hapa niombe uvumilivu, kwa sababu ikielezwa haraka inasikika kama utapeli.

Ng'ombe anayepona ndigana kali hupata kinga ya miaka, mara nyingi ya maisha. Wafugaji walilijua hilo kabla ya maabara. Tatizo ni kupona. Watafiti wa Muguga, kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani karibu na Nairobi, waligundua kwamba ukimwambukiza ng'ombe kwa makusudi, na dakika hiyo hiyo ukamchoma oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, anaugua kidogo sana au haonekani kuugua, na anabaki na kinga. Njia hiyo inaitwa kuambukiza na kutibu. Kimelea hakijapunguzwa makali, ni kile kile kinachoua. Ni sawa na kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumtumbukiza baharini huku umemshika mkono. Bahari ni ile ile, mkono ndio tofauti.

Kwa hiyo oksitetrasaiklini inaifanyia kitu ndigana kali, ila siku ya kwanza tu, kimelea kikiwa bado kinaingia kwenye seli. Siku ya kumi, homa imeshapanda, hakuna cha kushika. Nadhani mkanganyiko mkubwa umezaliwa hapa: watu wameona mchanjaji akichoma chanjo na "OTC" (ndiyo oksitetrasaiklini) pamoja, wakahitimisha kwamba OTC ni dawa ya ndigana. Ni dawa ya chanjo.

Na ndiyo sababu neno la mjomba, ambalo kwa mtamba wake halikuwa kweli, kwa chanjo hii linaweza kuwa na ukweli kidogo. Mchanjaji akikadiria uzito vibaya na kupunguza dozi ya oksitetrasaiklini, mkono umeachia. Hata dozi ikiwa sahihi, wachache hupata homa, na ndiyo maana mchanjaji mzuri anakuambia uwaangalie ndama wako kwa wiki tatu na umpigie simu ukiona mtoki. Asiyekuambia hivyo, mtilie shaka.

Chanjo hiyo ni mchanganyiko wa aina tatu za kimelea: moja ya Muguga, moja ya Kiambu, na moja iliyotokana na nyati wa Serengeti. Kimelea hiki hakistawi kwenye chupa kwa hali inayofaa kwa chanjo, kwa hiyo kinatengenezwa ndani ya kupe. Kupe wanalishwa kwa ng'ombe walioambukizwa, wanaachwa wajivue ngozi, kisha wanalishwa kwenye masikio ya sungura kwa siku nne ili kimelea kikomae, halafu wanasagwa. Toleo moja la dozi kama milioni moja limehitaji kupe takriban 600,000, sungura 500, ng'ombe 130 na miezi 18. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa Nairobi na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, kisha ikahamishiwa kituo cha Lilongwe, Malawi. Wakenya waliobaki wakishangaa kwa nini Kenya yenyewe ilichelewa kuiruhusu wana haki ya kushangaa. Hofu ilikuwa kwamba ng'ombe aliyechanjwa hubaki na kimelea kidogo mwilini na anaweza kumpa kupe, kwa hiyo kuleta aina ngeni kwenye eneo lisilo nayo. Wakati mjadala huo ukiendelea, Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania walikuwa wakiinunua kwa fedha zao tangu mwaka 1998. Mnadani, ndama mwenye hereni ya ndigana alipata bei nzuri kuliko mwenzake, na hilo liliieneza chanjo kuliko semina yoyote.

Jinsi ilivyo, inakaa kwenye mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, kama ule wa wahimilishaji, wale wanaowapandikiza ng'ombe mbegu. Ndani yake mna mirija, na mrija mmoja ukishayeyushwa na kuchanganywa unatosha ng'ombe thelathini hadi arobaini. Unatumika saa chache zinazofuata au unamwagwa. Bei kwa mnyama imekuwa ikizunguka dola 6 hadi 12, kwa kiasi kikubwa kutegemea uzito, kwa sababu oksitetrasaiklini hupimwa kwa kilo. Ndama wa miezi michache ni nafuu kuliko mtamba. Mfugaji wa Longido mwenye ndama sitini haoni shida. Mwenye ng'ombe wanne bandani ndiye anayeachwa, na ndiye mwenye chotara wanaokufa haraka zaidi.

Watu huniuliza kama aliyechanjwa ndigana anaweza kuacha kuogeshwa. Hapana. Sindano haimgusi kupe. Kupe ataendelea kuuma, kunyonya damu, kutoboa chuchu, na kuleta ndigana baridi, mkojo damu na moyo maji, ambayo chanjo hii haiyajui. Unaweza kupunguza mara za kuogesha kulingana na ushauri wa eneo lako, na hilo lina faida ya pili: kupe wanaoogeshwa kila mara kwa dawa iliyochujuka wanajenga usugu. Uganda wamelipa gharama kubwa kwa hilo, hadi wafugaji wakafikia kuchanganya dawa za shambani kwenye pampu ya ng'ombe.

Wengine huuliza kama binadamu anaweza kuipata kwa kula nyama au kunywa maziwa. Kimelea hiki hakimwingii binadamu. Lakini dawa aliyochomwa mnyama inabaki kwenye nyama na maziwa kwa siku kadhaa zilizoandikwa kwenye chupa, na mnyama aliyepigwa sindano tatu juzi akachinjwa leo ni habari nyingine, ambayo mabucha hayapendi kuizungumza.

Nyati ndio ukomo wa chanjo. Nyati anabeba kimelea hiki bila kuugua, tena kwa aina nyingi kuliko tulizonazo kwenye ng'ombe. Majaribio yaliyofanywa Kenya, ng'ombe waliochanjwa wakilishwa pamoja na nyati, yalionyesha kwamba kinga ya ule mchanganyiko wa aina tatu inapitwa. Mfugaji anayepakana na hifadhi akikuambia ng'ombe wake kachanjwa na kafa kwa ndigana hiyo hiyo, usimwite mwongo.

Na ng'ombe wa kienyeji? Inasemwa haugui. Kati ya mwaka 2007 na 2010 watafiti walifuatilia ndama 548 wa zebu magharibi mwa Kenya, tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Ndama 88 walikufa, na ndigana kali iliongoza kwa mbali: takriban vifo vinne kati ya kila kumi. Wa kienyeji anaugua. Tofauti ni kwamba wanaopona utotoni hukua na kinga, na sisi tunawaona hao waliokua. Ukimchukua dume wa kienyeji kutoka nyanda zisizo na kupe huyu ukampeleka kwenye kupe, atakufa kama wa kizungu.

Utafiti huo huo ulitoa kitu ambacho mimi binafsi sikukitarajia. Ilipochapishwa mwaka 2015, hesabu ilionyesha kwamba ndama walioambukizwa pia na binamu wapole wa kimelea hiki, wale wasioua, walikuwa na hatari ya kufa kwa ndigana kali iliyopungua kwa asilimia 89. Binamu mpole anaufundisha mwili kumtambua mkali. Kwa hiyo kumwogesha ndama wa kienyeji hadi asione kupe hata mmoja huenda ni kumnyima shule. Sisemi mfugaji wa chotara aache kuogesha, kwake hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 2022 watafiti wengine waliripoti ukoo wa ng'ombe wa Boran, wazao wa dume mmoja, wenye badiliko kwenye jeni moja. Waliorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama karibu wote walinusurika walipoambukizwa. Ikithibitika kwa koo nyingine, siku moja swali la mhimilishaji litakuwa si lita ngapi tu.

Chanjo isiyohitaji kusaga kupe inatafutwa tangu miaka ya 1970. Maabara iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973, ILRAD, ilipewa kazi ya magonjwa mawili tu, hili na ndorobo, ule unaoenezwa na mbung'o. Protini inayofunika kimelea kinapotoka kwenye mate ya kupe, p67, imejaribiwa kwa miongo, ikatoa kinga kwa baadhi na kwa wengine isitoe. Ramani nzima ya jeni za kimelea ilichapishwa mwaka 2005. Bado kinachotoka kwenye mtungi ni kupe waliosagwa.

Mjomba sasa anakagua masikio kila jioni akikamua, kwa tochi ya simu. Majani ya barabarani, ambako ng'ombe wa watu wanapita, ameacha kuyakata. Nadhani ndiko kupe wale sita walikotoka, ingawa hatutajua. Mchanjaji amemwambia hawezi kufungua mrija kwa ng'ombe watatu. Basi amechukua daftari la mjukuu wake na anazunguka kwa majirani akiandika majina na idadi, ndama kwa ndama. Jumapili iliyopita alikuwa amefikisha ishirini na saba.